Wahenga Hawakuliogopa Jua

Kuna maneno mawili ambayo kila mwanafunzi wa Jiografia huyakariri usiku wa kuamkia mtihani, huyaandika asubuhi yake, na kufikia saa ya chakula cha mchana ameshayasahau. Maneno yenyewe ni ikwinoksi na solstisi. Ukimwuliza mwenzako ni nini, atakupa tarehe nne mbiombio kama kasuku: 21 Machi, 21 Juni, 23 Septemba, 22 Desemba. Ukimwuliza tarehe hizo zilimhusu nani, atakwambia, "Ah, watu wa kale walikuwa wakiabudu jua." Basi. Mjadala umefungwa, kengele imelia, twende tukale.

Ndugu msomaji, naomba kuufungua tena mjadala huo katika ukurasa huu wa maoni. Jibu hilo naliona la uvivu, na ubaya wake si kwamba linawavunjia heshima watu waliokufa miaka 5000 iliyopita, maana hao hawatatushtaki. Ubaya wake ni kwamba linatuzoesha sisi tulio hai kuamini kuwa mtu asiye na kalamu hana hesabu. Katika mdahalo wa muhula uliopita msemaji mmoja alisimama akasema kwamba kabla ya kuja kwa vitabu binadamu "alikuwa akiishi kwa kubahatisha tu", na ukumbi mzima ukampigia makofi. Zamu yangu ya kusema ilikuwa imekwisha, kwa hiyo jibu langu ndilo hili.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe, hasa kwa ajili ya wale walioikimbia Jiografia mapema. Chagua mahali pamoja palipo wazi, simama hapo kila alfajiri kwa mwaka mzima, utazame jua linapochomoza. Utagundua kwamba halitokei mahali pamoja. Kuanzia mwishoni mwa Desemba husogea kaskazini kidogo kidogo, kilima baada ya kilima, hadi Juni. Hapo hufika mwisho wa safari yake. Kwa siku kadhaa huwa kama limesimama, kisha hugeuka na kurudi kusini mpaka Desemba, ambapo husimama tena na kugeuka. Vituo hivyo viwili ndivyo solstisi. Katikati ya safari, Machi na Septemba, jua huchomoza mashariki kamili na kutua magharibi kamili, na mchana na usiku hukaribia kulingana dunia nzima. Hizo ndizo ikwinoksi. Sababu mnaijua: dunia huzunguka jua ikiwa imeinama kwa digrii 23 na nusu hivi. Na kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili wala si la Kilatini, mimi nitasema mgeuko na mlingano. Atakayepata maneno mazuri zaidi ayapeleke kwa mhariri.

Sasa, kuna hadithi moja inayopendwa sana. Eti huko Ulaya ya kaskazini, siku za baridi zilipozidi kuwa fupi, mtu wa kale alitetemeka akidhani jua linakufa, akawasha moto na kuchinja mnyama ili lirudi. Ni hadithi tamu, sikatai. Lakini ipeleke Newgrange uone kama itasimama.

Newgrange iko Ireland, kaskazini ya jiji la Dublin, katika bonde la mto Boyne. Ni kilima kilichojengwa kwa mikono ya watu mnamo mwaka 3200 hivi kabla ya Kristo, yaani kabla ya piramidi kubwa za Misri. Ndani yake mna ujia mwembamba wa mawe, urefu wake mita 19, unaoishia kwenye chumba walimowekwa wafu. Juu ya mlango wajenzi waliacha tundu, kama dirisha dogo. Mwaka mzima chumba kile huwa giza totoro. Ila katika siku chache za mgeuko wa Desemba, jua likichomoza, mwale wake hupenya katika tundu lile, hutambaa sakafuni mwa ujia, na kuangaza chumba kwa muda wa dakika 17 hivi. Kisha giza hurudi kwa mwaka mwingine. Profesa Michael O'Kelly, ambaye alikuwa akipafukua mahali hapo, alikaa humo ndani alfajiri ya 21 Desemba 1967 akaushuhudia mwale huo kwa macho yake.

Jiulize basi, mwenzangu. Mtu anayehofu kwamba jua halitarudi, atajisumbua na mawe mazito namna ile ili kulitengenezea jua njia ya kuingilia asubuhi chache tu za mwaka? Huwezi kumjengea mgeni dirisha lake kama huna hakika kwamba atakuja. Na hawa walijua zaidi ya kwamba atakuja. Walijua atatokea upande gani na ataanza kuingia siku gani. Tena walijua kabla ya kuweka jiwe la kwanza, kwa sababu kilima cha namna hiyo hakivunjwi kikajengwa upya kila unapokosea vipimo. Hiyo ina maana kwamba kuna watu walikaa wakatazama mwaka baada ya mwaka, wakaweka alama, wakaisahihisha, wakawaachia watoto wao alama hizo. Kazi hiyo ikifanywa na mtu aliyevaa koti jeupe tunaiita sayansi. Ikifanywa na mkulima wa zamani asiye na jina tunasema alikuwa akiabudu.

Naam, huenda aliabudu pia. Mahekalu yapo. Lile la Karnak huko Misri, la mungu Amun-Ra, limeelekezwa kwenye macheo ya mgeuko wa Desemba, na hapo huwezi kusema dini haikuwemo. Lakini tangu lini kuswali kumemzuia mtu kuhesabu? Mwislamu anayepanda juu ya paa kuutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani, je, anauabudu mwezi? Na wewe Mkristo unayengojea Pasaka, unajua inavyopatikana? Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu 21 Machi, na tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa kanisa liliichukua kuwa siku ya mlingano. Kwa karne nyingi kalenda ya Kirumi ilikuwa na kosa dogo, mlingano ukawa unarudi nyuma pole pole hadi ukafika 11 Machi. Papa Gregori wa 13 alipoona hivyo aliamuru siku 10 zifutwe: mwaka 1582, watu wa Roma walilala usiku wa 4 Oktoba wakaamka 15 Oktoba. Kalenda iliyotundikwa kwenye ukuta wa darasa lako ndiyo hiyo ya Gregori, na ilitengenezwa ili mlingano wa Machi usipotee. Sasa nani anaabudu jua hapa?

Ukiniuliza walihesabu kwa ajili gani, jibu langu la kwanza ni tumbo. Kule Misri ya kale mto Nile ulianza kufurika siku zilezile za mgeuko wa Juni, kwa maji ya mvua zilizonyesha mbali sana katika milima ya Ethiopia. Mkulima wa Misri hakuiona mvua hiyo kamwe. Aliona mto tu unapanda chini ya anga kavu isiyo na wingu. Mtu wa namna hiyo asipohesabu siku atachukuliwa na maji pamoja na mbuzi wake.

Huko Chankillo, katika jangwa la pwani ya Peru, kuna jambo lililonistaajabisha kuliko hata Newgrange. Juu ya mgongo wa kilima watu walijenga minara 13 kwa mstari, miaka zaidi ya 2200 iliyopita. Ukisimama mahali palipoandaliwa chini yake, unaona jua likichomoza pembeni mwa mnara wa mwisho upande mmoja katika mgeuko wa Juni, na kadiri miezi inavyokwenda linahama, mnara hadi mnara, hadi upande wa pili katika mgeuko wa Desemba. Mlima mzima umegeuzwa kuwa rula ya mwaka! Mwaka 2021 UNESCO ilipaingiza mahali hapo katika orodha yake ya urithi wa dunia. Lakini angalia: si kila mtu angeweza kusimama pale pa kutazamia. Palikuwa na kuta na njia maalumu. Kwa hiyo aliyeijua tarehe alikuwa na nguvu juu ya asiyeijua, kama vile mwalimu wa zamu anayeshika kengele. Nami nadhani hilo nalo lilikuwa sehemu ya umuhimu wake, si kila kitu kilikuwa mahindi.

Jibu la pili ni kukutana. Stonehenge, kule Uingereza, kila mtu ameiona pichani. Mawe yake makubwa yalisimamishwa miaka 4500 hivi iliyopita, na mhimili wake unalenga macheo ya mgeuko wa Juni upande huu na machweo ya mgeuko wa Desemba upande ule. Siku hizi maelfu ya watu hukesha pale kila Juni wakidhani ndipo penye utamu. Lakini waliochimbua Durrington Walls, makao ya kale yaliyo karibu, walikuta mifupa tele ya nguruwe, na meno yao yalionyesha kwamba wengi walichinjwa wakiwa na umri wa miezi 9 hivi. Nguruwe wa huko kwa kawaida huzaliwa majira ya kuchipua. Hesabu miezi tisa mbele, utaangukia Desemba. Karamu kubwa, basi, ilikuwa katikati ya baridi. Na watu wa nchi ile walikuwa na uhusiano wa mbali mno: mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba jiwe moja la katikati lilitoka kaskazini ya Scotland, zaidi ya kilomita 700. Utawaambiaje watu walio mwendo wa siku nyingi wafike siku moja, na huna simu, huna barua, huna redio? Unawaambia: jua likifika mwisho wake. Hilo ni tangazo ambalo kila mtu analiona akiwa kwake.

Hata hivyo, kuna uvivu wa upande wa pili ambao nao siupendi. Hawa ni wale ambao kila wakiona mawe mawili wanasema yalipangwa kwa jua, na wakishindwa kueleza wanasema yalipangwa na viumbe kutoka sayari nyingine. (Sijui kwa nini viumbe hao hawakuwahi kuwasaidia Wazungu kujenga reli.) Piramidi ya Chichén Itzá huko Meksiko ina ngazi 91 kila upande, na ukiongeza kidato cha juu zinakuwa 365, na siku za mlingano kivuli hushuka kwenye ngazi kama nyoka anayetambaa. Watalii humiminika. Lakini nyoka huyo huonekana pia siku kadhaa kabla na baada, kwa hiyo kama saa ya kuonyesha siku yenyewe hafai sana, na wataalamu wanabishana kama alikusudiwa. Hata hapa Kenya tumewahi kupata fununu kama hizo. Karibu na Kalokol, magharibi ya Ziwa Turkana, pana nguzo 19 za mawe. Mwaka 1978 watafiti wawili waliandika kwamba zilipangwa kulenga nyota ambazo Waborana huhesabia kalenda yao. Baadaye mtafiti mwingine akapima tena na kuonyesha kwamba mawe yenyewe yana usumaku, yanaivuruga dira. Ile kalenda ya Waborana ni ya kweli kabisa, ni hesabu ya mwezi na nyota iliyoandikwa na wataalamu. Kinachobishaniwa ni mawe tu. Mimi nasema tuwape wahenga sifa walizozifanyia kazi. Hizo zinawatosha.

Nawasikia wengine wakinong'ona: haya yote ni mambo ya Wazungu na Wamisri, sisi tuko kwenye Ikweta. Kwetu mchana ni saa 12 na usiku saa 12, mwaka nenda mwaka rudi, ndiyo maana hata saa zetu tunazihesabu kutoka macheo. Ni kweli, mgeuko wa Juni hapa hautishi mtu. Lakini jua linapopita utosini mwetu Machi na Septemba, mikanda ya mvua hulifuata nyuma, masika kisha vuli. Na upepo wa kaskazi na wa kusi, uliovileta vyombo Mombasa, Lamu na Unguja na kuvirudisha, nao hugeuka kwa sababu ya safari hiyohiyo ya jua. Baharia asiyejua siku angeweza kukwama ugenini mpaka msimu mwingine.

Ndiyo maana watu wa Pwani walikuwa na Nairuzi. Neno ni la Kiajemi, Nauruz, "siku mpya", na huko Irani mpaka leo mwaka huanza dakika ileile ya mlingano wa Machi. Waswahili waliipokea siku hiyo wakaihesabu kwa namna yao: miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha siku 5 za kumalizia, jumla 365. (Mwongo huyu si yule anayesema uongo. Ndiye huyuhuyu tunayemtumia leo tunaposema miongo miwili ya uhuru.) Miezi ya Kiislamu walikuwa nayo kwa ibada, lakini miezi hiyo hufuata mwezi wa angani na hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka; huwezi kupandia mpunga wala kutwekea tanga. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa na kalenda mbili kichwani, ya mwezi kwa Mola wake na ya jua kwa shamba na chombo, na hakuna aliyemwona mshirikina wala mchanganyikiwa.

Hesabu hiyo ya 365 ilikuwa na upungufu mmoja, uleule waliokuwa nao Wamisri wa kale, ambao nao walikuwa na miezi 12 ya siku 30 na siku 5 za nyongeza. Mwaka wa jua huzidi siku 365 kwa karibu robo siku. Usipoongeza siku moja kila miaka minne, mwaka wako unateleza. Huko Misri mwaka 238 kabla ya Kristo, enzi ya Ptolemy wa Tatu, iliamriwa siku hiyo iongezwe, na watu wakaipuuza amri. Huko Uajemi wataalamu wa Sultan Malik Shah, Omar Khayyam akiwa miongoni mwao, waliirudisha Nauruz kwenye mlingano mwaka 1079. Pwani yetu iliendelea na hesabu ya zamani. Ndiyo maana Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, ambao ndio Nairuzi yenyewe, husherehekewa Julai na wala si Machi. Umetembea hatua moja kila miaka minne mpaka ukafika huko.

Tunauona Mwaka Kogwa kwenye runinga: wanaume wanapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa, akina mama wanaimba, watu wanakwenda kuoga baharini. Mtangazaji husema ni "utamaduni wa kuvutia watalii". Husikii hata mara moja akisema kwamba ile ni kalenda, kwamba watu walikaa na hesabu ya siku tangu enzi za majahazi bila kuikatiza. Mwulize kijana wa Pwani leo ni mwongo wa ngapi, uone atakavyokutazama. Migomba tumeibakisha, hesabu tunaiacha iende zake, na hapo ndipo ninapoumia, maana vitabu vyetu vina picha ya Stonehenge na havina mstari hata mmoja juu ya miongo.

Mtu mmoja zaidi nimtaje. Eratosthenes alizaliwa Cyrene, katika nchi ya Libya ya leo, akawa mkuu wa maktaba ya Alexandria. Alipata habari kwamba huko Syene, ambayo ndiyo Aswan, adhuhuri ya mgeuko wa Juni jua hufika hadi chini ya kisima na vitu havina kivuli. Siku hiyohiyo Alexandria kivuli kilikuwepo, pembe yake ni sehemu moja ya hamsini ya duara. Akachukua umbali wa miji hiyo miwili akauzidisha mara hamsini, akapata mzingo wa dunia, wala hakuwa mbali sana na kilomita 40,000 tunazozijua sasa. Miaka zaidi ya 2200 iliyopita, barani Afrika, kwa kivuli.

Shule yetu haiko mbali na Ikweta, na mlingano wa Septemba unakuja. Napendekeza kwamba Chama kisimike fimbo wima katikati ya uwanja wa gwaride na kuweka kigingi mwisho wa kivuli chake siku hiyo, adhuhuri. Adhuhuri ya jua, si ya saa ya ukutani: saa zetu za Kenya hufuata mstari wa digrii 45 mashariki nasi tuko magharibi yake, kwa hiyo jua litakuwa utosini karibu saa sita na nusu, wakati wa foleni ya chakula. Kivuli kitakuwa kimejikunja chini ya fimbo. Tuendelee kuweka vigingi kila Ijumaa hadi siku ya kufunga shule, tuone jua limefika wapi katika safari yake ya kusini. Yule msemaji wa mdahalo naye namwalika, na ndiye atakayeshika futi. Kamba na vigingi vipo stoo. Jembe nitaazima mimi kwa mtunza bustani.